Nyumba ya Kupangisha: Itatulisha au Itatula?

Katika matamanio ya mzazi aishiye mjini, la kuwaachia watoto nyumba ya kupangisha ni miongoni mwa yale makubwa. Duka huweza kufilisika, mshahara hukoma siku ya kustaafu, na nguvu za mwili hupungua kila mwaka. Lakini nyumba yenye vyumba sita husimama pale pale, na kila mwezi hutoa chochote. Ndiyo sababu mtu apatapo kiinua mgongo chake, au mwanawe aliye ughaibuni ampelekeapo fedha, fikra ya kwanza imjiayo ni kununua kiwanja na kumwita mwashi.

Fikra hiyo ni njema, wala hatukusudii kuivunja. Walakini, yapo mambo tuliyoyaona kwa macho yetu ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Jirani yetu mmoja, mtu wa swala tano na mwenye heshima mtaani, alikuwa na nyumba moja tu, ile aliyokuwa akilala yeye, mkewe na watoto wao watano. Akaiweka rehani, akakopa, akajenga nyumba ya pili ili aipangishe. Nayo hiyo ya pili ikaingia katika rehani ile ile. Wapangaji wakachelewa kupatikana. Mvua za masika zikabomoa shimo la choo. Miezi ikapita bila deni kulipwa, na katika mwaka wa tatu nyumba zote mbili zikapigwa mnada kwa siku moja. Mtu aliyetaka kuwa na nyumba mbili akawa mpangaji katika chumba cha mwenzake.

Watu walisema mengi siku ile. Wengine walisema ni riba iliyomwangusha, na wengine wakasema ni bahati mbaya tu. Sisi twaona kwamba alikosea mara mbili: mkataba wake haukuwa halali, na hesabu yake haikuwa sahihi. Na yafaa tuseme wazi tangu mwanzo kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Mkataba halali wenye hesabu mbovu humfilisi mtu, na hesabu nzuri yenye mkataba wa haramu humwondolea baraka. Basi natuyatazame yote mawili, hatua kwa hatua.

HESABU KABLA YA MSINGI

Tuchukue mfano. Mtu ana kiwanja chake tayari pembezoni mwa Dar es Salaam, naye ataka kujenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani jiko, bafu na choo. Tuseme ujenzi wote utamgharimu shilingi 30,000,000, na kila chumba atakipangisha kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila msomaji aweke zile za mtaa wake.

Wengi wetu hapa hupiga hesabu upesi upesi. Vyumba 6 mara shilingi 60,000 ni shilingi 360,000 kwa mwezi. Mara miezi 12 ni shilingi 4,320,000 kwa mwaka. Basi kwa miaka saba fedha yote imerudi! Mtu hufurahi, akaenda kununua mabati.

Hiyo ni hesabu ya karatasini. Nyumba yenyewe ina hesabu nyingine. Kwanza, chumba hakikai na mtu siku zote. Mpangaji huhama, chumba hupakwa rangi, na dalali huchukua wiki kadhaa kumleta mwingine. Tukisema kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, tumepoteza shilingi 360,000, zikabaki 3,960,000. Pili, kuna kodi ya serikali juu ya pango, ambayo katika Tanzania ni asilimia 10. Hizo ni shilingi 396,000. Tatu, kuna matengenezo: kitasa kimevunjika, bati limetoboka, bomba limepasuka, choo kimejaa. Tuweke shilingi 400,000 kwa mwaka. Sasa zimebaki shilingi 3,164,000, yaani kama shilingi 263,700 kwa mwezi. Fedha yetu haitarudi kwa miaka saba, bali kwa miaka tisa na nusu.

Hata hivyo nyumba hii bado ni nzuri, maana imelipiwa fedha taslimu na haidaiwi na mtu. Lakini je, kama mwenyewe angekopa zote 30,000,000 kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka? Malipo yake yangekuwa karibu shilingi 502,500 kila mwezi. Nyumba yaleta 263,700. Zilizopungua, kama shilingi 238,800, zitatoka wapi? Zitatoka katika unga wa watoto, na ada ya madrasa, na dawa ya bibi. Hii si nyumba ya kuilisha jamaa. Ni jamaa inayoilisha nyumba.

Atasema mtu, "Mimi nina akiba ya 12,000,000; nitakopa 18,000,000 tu." Vema. Malipo yatakuwa karibu shilingi 301,500 kwa mwezi, na nyumba bado haijilipii. Tena, mwisho wa miaka kumi atakuwa amerudisha kama shilingi 36,200,000 kwa deni la 18,000,000. Na katika miezi yote hiyo 120, hakuna hata mmoja utakaomsamehe kwa sababu wapangaji wamehama au mvua imenyesha. Hapo ndipo tunapoelewa, hata bila ya kufungua kitabu cha fiqhi, kwa nini Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 275, ameitenga riba na biashara. Mwenye kukopesha kwa riba hana hasara nyumba ikikaa tupu. Hasara yote ni ya mkopaji peke yake.

NYUMBA ITAKAYOJIJENGA YENYEWE

Iko njia nyingine, nayo si ngeni katika miji yetu: ni kujenga kidogo kidogo. Mtu huyu mwenye 12,000,000 aweke msingi, ajenge vyumba viwili na choo, aezeke, avipangishe. Kwa kadiri ya hesabu yetu, vyumba viwili vitamletea shilingi 88,000 safi kwa mwezi. Ikiwa nyumba yake huweza kuweka akiba ya shilingi 200,000 kila mwezi, basi jumla ni 288,000. Katika miezi 32 amepata zaidi ya 9,000,000 za vyumba viwili vingine. Sasa vyumba ni vinne, navyo vyaleta 176,000. Pamoja na akiba yake ni 376,000 kwa mwezi. Katika miezi 24 mingine amepata 9,000,000 za vyumba viwili vya mwisho. Jumla ni miezi 56, yaani miaka minne na miezi minane, na nyumba ya vyumba sita imesimama bila ya deni la senti moja.

Twajua bei ya simenti na nondo hupanda, na ugonjwa au arusi huingia katikati. Basi na tuseme miaka sita, au hata saba. Bado ni pungufu ya ile miaka kumi ya deni. Na yakitokea ya kutokea, mwenye vyumba viwili visivyodaiwa atangoja mwaka mmoja kisha ataendelea. Mwenye vyumba sita vilivyo rehani hatangojwa.

Njia ya pili ni ushirika. Ndugu watatu, au marafiki walioaminiana, huweka mitaji yao pamoja. Fiqhi yetu imeupanga ushirika huu tangu zamani: faida hugawanywa kama walivyopatana, na hasara humfikia kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake. Lakini tahadhari! Ushirika usioandikwa ndio mama wa ugomvi. Aya ya 282 ya sura ile ile ya Al-Baqara imeamrisha deni la muda liandikwe, tena mbele ya mashahidi. Nasi twaona haya kumwandikisha ndugu yetu wa tumbo moja! Aandikwe nani ametoa kiasi gani, nani atasimamia, atalipwa nini kwa kazi yake, na mmoja akitaka kutoka sehemu yake itathaminiwa vipi.

MABENKI YASIYO NA RIBA

Kijana wa leo ana njia ya tatu ambayo baba zetu hawakuwa nayo. Katika Kenya, Gulf African Bank ilianza kazi mwaka 2008. Na katika Tanzania, Amana Bank ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011. Mabenki ya namna hii hayamkopeshi mtu fedha kwa riba. Hutumia mikataba ya biashara, na miwili ndiyo ijulikanayo zaidi katika mambo ya majumba.

Wa kwanza ni murabaha. Benki hununua nyumba au vifaa vya ujenzi, kisha humwuzia mteja kwa bei iliyotajwa pamoja na faida iliyotajwa, naye hulipa kwa vipindi. Bei ikishafungwa haiongezeki. Wa pili ni musharaka wenye kupungua. Benki na mteja hununua nyumba pamoja. Mteja hulipa pango kwa ile sehemu ya benki, na kila kipindi hununua kipande cha sehemu hiyo, mpaka nyumba yote iwe yake.

Hata hapa, hata hivyo, msomaji asiingie amefumba macho. Aulize: je, benki itaimiliki nyumba hasa kabla ya kuniuzia, au ni jina tu katika karatasi? Ikiungua kabla ya mauzo kutimia, hasara ni ya nani? Nikichelewa kulipa, nitatozwa nini, na fedha hiyo itakwenda wapi? Katika mabenki mengi ya Kiislamu tozo la kuchelewa hupelekwa kwenye sadaka, lisiwe chumo la benki. Na ni haki ya mteja kuonyeshwa maneno hayo katika mkataba.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba halali si lazima iwe rahisi. Ikiwa nyumba yaleta 263,700 na kipindi cha murabaha ni 400,000, jina la Kiarabu halitazijaza zile 136,300 zilizopungua. Kanuni yetu ni hii: pango la miezi kumi, baada ya kuondoa kodi na matengenezo, litoshe kulipa vipindi vya miezi kumi na miwili. Lisipotosha, ngoja, ongeza akiba, au punguza jengo. Na kanuni ya pili, ambayo twataka kila kijana aihifadhi: nyumba unayolala na watoto wako usiiweke rehani kwa ajili ya nyumba utakayompangisha mtu mwingine. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Wake zetu na waisome sheria hiyo, wasitie sahihi kwa haya wala kwa hofu.

ARDHI CHINI YA NYUMBA

Mtu huweza kuwa na nyumba na asiwe na mahali pa kuiweka. Hili si fumbo. Katika Mombasa iko desturi ya tangu zamani iitwayo nyumba bila ardhi: jengo ni la mmoja, na kiwanja ni cha mwingine, na mwenye jengo humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Anunuaye nyumba ya namna hiyo amenunua kuta na bati tu. Siku mwenye ardhi akiiuza, au warithi wake wakitaka kiwanja chao, hoja huanza. Bei yake huwa nafuu kwa sababu hiyo hiyo.

Katika Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri katika ofisi ya serikali ya mtaa ni ushahidi wa kununua, lakini si hati miliki. Basi kabla ya kutoa shilingi moja, nenda ofisi ya ardhi ukaulize: kiwanja hiki kimeandikwa kwa jina la nani? Kimewekwa rehani? Kimepimwa kwa makazi, au ni njia ya maji na barabara? Ukinunua kwa warithi, hakikisha wote wameridhia, na hasa wanawake na mayatima, kwa maana hao ndio mara nyingi wasioulizwa.

MPANGAJI NI MTU WA AMANA

Nyumba imekwisha, mpangaji amekuja na godoro lake na watoto wake wawili. Hapa huanza kazi ya kweli, na wengi hudhani kuwa kazi imekwisha.

Katika fiqhi kupangisha ni ijara, nayo ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa bei inayojulikana. Basi muda na bei visiachwe gizani. Mkataba utaje chumba gani, pango kiasi gani, kwa miezi mingapi, umeme na maji hulipwa vipi, notisi ya kuhama ni ya muda gani, na kuta zikipasuka nani hutengeneza. Asili ya jambo hili ni kwamba matengenezo makubwa, kama paa na msingi na choo, ni juu ya mwenye nyumba, maana yeye ameuza manufaa na manufaa hayapatikani nyumba ikivuja. Alichovunja mpangaji kwa uzembe wake, hicho ni juu yake. Kila malipo yapewe stakabadhi, na mwenye nyumba awe na daftari lenye ukurasa kwa kila chumba.

Katika Dar es Salaam desturi ya kudai pango la miezi sita, au la mwaka mzima, kabla ya kuingia imekuwa mzigo mkubwa kwa vijana waanzao maisha. Ni kweli kwamba humkinga mwenye nyumba. Walakini, kijana mwenye mshahara wa kila mwezi atazitoa wapi za mwaka, ila kwa kukopa? Basi nasi tumemsukuma katika ule moto tuliouogopa wenyewe. Mwenye kuweza kupokea kwa miezi mitatu mitatu, na afanye hivyo. Atapata wapangaji wengi zaidi, na vyumba vyake havitakaa vitupu.

Kadhalika kuna haki ndogo zinazosahauliwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo katika Tanzania Bara hukatwa pamoja na ununuzi wa umeme wa luku. Mpangaji ndiye anunuaye umeme, lakini kodi hiyo kwa asili yake ni ya mwenye jengo. Ni uadilifu mwenye nyumba kuifahamu na kuipunguza katika pango, hata kama mpangaji hakuuliza.

Na mpangaji akichelewa? Hapa tutofautishe. Yuko aliyefukuzwa kazi au aliyefiwa. Huyo aya ya 280 ya Al-Baqara imetufundisha kumngojea mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Na yuko mwenye uwezo ambaye hataki tu kulipa. Huyo ni dhalimu, na sheria ipo kwa ajili yake. Lakini kumng'olea mtu mlango, au kumtupia vyombo nje usiku, si sheria wala si dini. Mwenye madai ampe notisi kwa maandishi, kisha apeleke shauri mbele ya vyombo vinavyohusika. Nasi kila mwaka tutenge pango la mwezi mmoja kwa ajili ya watu kama yule wa kwanza, ili huruma yetu isituvunjie nyumba.

HAKI YA SERIKALI NA HAKI YA MASIKINI

Kodi ya serikali isifichwe. Katika Kenya, tangu Januari 2024, mkazi apokeaye pango la nyumba za kuishi zaidi ya shilingi 288,000 na lisilozidi 15,000,000 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango lote, kabla ya kuondoa gharama, na hulipa kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye kuiweka katika hesabu tangu mwanzo hataiona kuwa nzito.

Zaka nayo huwachanganya wengi. Katika mkutano wa Jeddah wa Desemba 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba jengo lenyewe la kupangisha halitolewi zaka. Zaka ni juu ya pato lake, asilimia 2.5, baada ya kupitiwa na mwaka tangu lilipopokewa, masharti mengine yakitimia. Basi fedha ya pango iliyoliwa na jamaa haina zaka, lakini ile akiba iliyofika nisabu, ambayo kwa hesabu ya wengi ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, isilale mwaka bila ya masikini kupata chake.

BAADA YETU

Mwisho, tukumbuke kwamba nyumba huishi kuliko mwenyewe. Mara ngapi tumeona kaka mkubwa akikusanya pango la nyumba ya marehemu baba kwa miaka kumi, na dada zake hawapewi hata la mwezi mmoja? Pango hilo si lake. Ni la warithi wote kwa mafungu yao, tangu siku ya kifo. Daftari liliotunzwa na baba lingewaokoa dada hao. Kwa hiyo mwenye nyumba awaonyeshe mkewe na watoto, wa kiume na wa kike, hati iko wapi, wapangaji ni nani, na madeni ni yapi, angali hai.

Na mwenye vyumba sita asiogope kukiwekea kimoja nia nyingine. Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipopata ardhi ya Khaibar aliyoipenda kuliko mali yake yote, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, akaifanya wakfu, shina lisiuzwe wala lisirithiwe, na mazao yake yakawa ya wenye haja. Chumba kimoja cha shilingi 60,000 kwa mwezi, kikiwekwa wakfu kwa maandishi, chaweza kumlipia mwanafunzi yatima miaka na miaka baada ya sisi kusahauliwa.

Jirani yetu yule bado yu hai, naye sasa anajenga tena katika kiwanja kidogo alichonunua kwa akiba. Juzi tulimkuta amesimama mbele ya chumba kimoja kilichoezekwa, na pembeni yake rundo la matofali ya cha pili. Tukamwuliza kitakwisha lini. Akacheka, akasema, "Kitakwisha siku fedha yangu itakapofika, Insha-Allah. Usiku nalala."